Kadi Kubwa Ilipoungua

Mama yangu hufunika kila kitu. Redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, jagi la maji lina kitambaa chenye shanga pembeni ili upepo usikipeperushe, na viti vya sebuleni vimevalishwa vitambaa mgongoni na mikononi. Vyote amevifuma mwenyewe. Hapa Nachingwea vumbi letu ni jekundu na halina adabu, na mwanamke ambaye vyombo vyake vimekaa wazi atasemwa na wenzake wa jumuiya, tena watamsema wakiwa wamekaa kwenye viti vyake. Nimekulia ndani ya vitambaa hivyo na sikuwahi kudhani kimojawapo kitakuja kunitoa machozi.

Kazi yangu ni kupiga video za harusi na kuzihariri. Kompyuta ninayotumia ni mpakato mzito, ulioanza maisha kwa kijana mmoja wa Dar aliyekuwa anachezea magemu, ukaja kwangu ukiwa umekwaruzika lakini una nguvu. Ndani yake kuna mifumo miwili ya picha. Mmoja ni mdogo, umo humo humo ndani ya ubongo wa kompyuta, hauli umeme mwingi wala hautoi joto. Wa pili ni mkubwa, una kadi yake na feni yake, na umewekwa kwa ajili ya mambo mazito. Nilipoelezwa mara ya kwanza sikuelewa kitu, nikajieleza mwenyewe kwa mambo ya jikoni: ule mdogo ni jiko la mkaa la kuchemshia chai, na ule mkubwa ni mafiga ya shughuli, yanayobeba sufuria la pilau.

Kompyuta huhama yenyewe kutoka jiko hadi jiko. Ukiandika barua, iko kwenye jiko dogo. Ukifungua programu ya kuhariri video, inahamia kwenye mafiga bila kukuuliza, na utajua kwa mlio wa feni na kwa kugusa upande wa kushoto, juu kidogo ya herufi, ambapo panaanza kupata moto. Ukichomoa waya wa umeme inajitahidi kurudi kwenye jiko dogo ili betri isiishe. Mimi sikupenda irudi. Nilikuwa mtu wa mafiga. Katika filamu zangu bibi harusi alitokea katikati ya waridi linalofunguka, maua yakadondoka juu ya wakwe, majina yakaandikwa kwa dhahabu, na watu wakatembea taratibu kwa mwendo wa ndotoni huku wimbo unapigwa. Watu walilipenda waridi langu kuanzia Naipingo mpaka Ruangwa mjini, na mimi nilikuwa naringa.

Harusi hii ninayoisimulia ilikuwa Nkowe, baada ya watu kuuza korosho. Mjomba wa bibi harusi ndiye aliyenipigia simu, na kwetu huku mjomba akipiga simu ujue mwenye neno amesema. Nikaenda, nikapiga tangu wanawake wanachambua mchele asubuhi mpaka bibi harusi anatolewa ndani na kupandishwa gari. Jambo moja nililiona mapema. Kiti cha mama wa bibi harusi kilikuwepo, kimetandikwa kanga mpya, na hakuna aliyekikalia. Mama mwenyewe alikuwa amelazwa hospitali ya misheni, na bwana harusi alitakiwa kurudi kazini Kigoma, kwa hiyo harusi haikuweza kusogezwa.

Siku chache baadaye mjomba alikuja hadi kwangu Nachingwea. Alikataa soda, akaomba maji, akakaa kwenye ncha ya kiti asikichafue kitambaa cha mama.

"Mwanangu," alisema, "picha ile si yangu wala si ya bwana harusi. Ni ya dada yangu. Wamemruhusu, yuko nyumbani, lakini ana uvimbe kichwani na anatakiwa Dar akafanyiwe operesheni. Daktari hakutuficha. Kasema uhai ataupigania, ila macho hawezi kutuahidi. Sasa hivi anaona, kwa shida. Jumatatu anapanda basi. Kabla hajapanda, nataka amwone mwanawe akitoka ndani."

Nilifikiria kumpa video mbichi siku ile ile. Haikuwezekana. Kamera zangu hutoa video nzito ambazo simu yake haikuweza kuzifungua, tena zilikuwa za saa nyingi, na nusu yake ni migongo ya watu na miguu ya watoto. Mgonjwa alikuwa hawezi kukaza macho kwa muda mrefu bila kichwa kumpasuka. Alihitaji filamu fupi iliyotulia, ambayo mtu mwingine ameshamchagulia cha kutazama.

"Jumapili mchana nitakuwa kwenu," nilimwambia.

"Nimeshamwambia hivyo," alijibu. Alikuwa ameahidi kwa kinywa changu kabla hajaniuliza.

Nilifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Nilitaka mama yule apate bora kuliko wote, kwa hiyo waridi nililiweka, maua nikayaweka, na ile sehemu ya bibi harusi kutoka ndani niliipangia mwendo wa taratibu na wimbo mzito wa kumaliza mchezo. Jumamosi mchana kila kitu kilikuwa tayari. Ilibaki kurenda, yaani kuiachia kompyuta ivichanganye vipande vyote viwe filamu moja, kazi ambayo mtu hana msaada wowote wa kuitolea. Niliianzisha, feni zikapiga kelele, nikaenda sokoni.

Nikiwa sokoni greda likapita kuchonga barabara ya mtaani kwetu.

Niliporudi nyumba ilikuwa imefungwa madirisha yote na ndani kulikuwa na harufu ya plastiki inayoungua. Kompyuta ilikuwa mezani chini ya kitambaa kikubwa cha televisheni, kile kizito kuliko vyote, kimekunjwa mara mbili na kuchomekwa pembeni vizuri kabisa. Feni zilikuwa kimya. Mama alikuwa kwenye mkeka anafuma.

"Mama, umeifunika?"

"Nimeifunika. Greda limepita, hukuliona? Mashine yako ilikuwa wazi kabisa, tena inahema. Nikasema hii inavuta vumbi lote hili tumboni."

Nilifunua kitambaa. Upande wa kushoto haukushikika. Nilikasirika, na nilikuwa na maneno mdomoni ambayo mtu hamwambii mama yake. Nikatoka nje, nikazunguka nyumba, nikarudi, maneno yakiwa bado yapo lakini yamepoa. Mama alikuwa ameshaelewa. Alikuwa amekishika kile kitambaa mapajani, anakitazama.

Nilisubiri kompyuta ipoe, nikaiwasha. Iliwaka. Nikafungua programu ya kuhariri, na hapo kioo kikajaa mistari ya kijani, kikaganda, kikazima. Nikaiwasha tena, mambo yakawa yale yale. Nilirudia nikiwa nimeuma meno, na katika kurudia huko nikaona kitu. Nikiandika maneno matupu, kompyuta haina shida. Nikifungua picha moja moja, haina shida. Inakufa pale tu inapojaribu kuhamia kwenye kadi kubwa. Mafiga yalikuwa yamevunjika, lakini jiko la chai lilikuwa zima. Nilipoelewa hivyo nililala.

Asubuhi nilifungasha kompyuta niende kwa fundi ninayemwamini, aliyeko Ruangwa mjini. Mama, ambaye misa ya Jumapili haijawahi kumpita hata akiwa na homa, alikuwa mlangoni amevaa viatu.

"Unakwenda kanisani mapema leo," nilisema.

"Nakwenda Ruangwa. Mungu ataniona huko huko."

Fundi ni kijana wa mjini, spika za masikioni hazimtoki hata ukimwamkia. Aliifungua mashine kwa nyuma, akainusa, akatikisa kichwa.

"Dada, kadi kubwa imekwenda na maji. Imechomelewa kwenye bodi, huku kwetu hatuwezi kuibandua. Tuitume Dar."

"Itarudi lini?"

"Wiki mbili, tatu. Wakizingua, mwezi."

"Basi linaondoka kesho."

"Basi gani tena?"

Nilimweleza habari za mama wa Nkowe. Alizitoa zile spika masikioni, akaziweka mezani.

"Kuna namna ya kuilazimisha itumie ndogo?" nilimuuliza.

"Ipo. Tunaizima kubwa kabisa, mashine ijue haina kitu kama hicho. Shida ni hiyo programu yako. Kwenye ndogo itagoma. Utajipa presha bure, dada."

"Presha ninayo tayari. Nionyeshe."

Inabidi uiwashe kompyuta katika ile hali yake ya dharura, inapokuwa na mambo machache tu yanayofanya kazi, kabla haijapata nafasi ya kuiamsha kadi kubwa. Kisha unaingia kwenye orodha ya viungo vyake, unazikuta kadi mbili zimepangwa, na ile kubwa unaipa amri ya kulala. Mara ya kwanza iliganda kabla hatujafika. Mara ya pili ilifika ikakataa amri. Fundi akasema labda tuiache. Nikamwambia labda aniletee maji ya kunywa. Iliyofuata ilikubali, tukaizima, tukaiwasha upya, nikafungua programu huku nimeweka kiganja upande wa kushoto. Programu ikafunguka. Palikuwa pa baridi.

Lakini fundi hakuwa amekosea. Programu iligoma kwa namna yake. Kila mahali nilipoweka mbwembwe palikuwa na giza na alama nyekundu, na filamu yote ilikuwa na giza zaidi kuliko picha. Jiko dogo halikuweza kubeba sufuria langu. Hakukuwa na njia nyingine isipokuwa kupunguza chakula. Nikaanza kufuta. Waridi la kwanza nililifuta kwa hasira, la pili kwa uchungu, na baada ya hapo nikawa nafuta tu. Maua yakaondoka, dhahabu ikaondoka. Kila nilichofuta, giza lilitoka na watu wakarudi wakitembea mwendo wao wa kawaida.

Nilifika kwenye kutoka kwa bibi harusi. Hapo mwendo wa taratibu na wimbo vilikuwa vimeshikamana, ukifuta kimoja vyote vinaondoka, na sauti halisi ya siku ile inarudi. Nikafuta. Vikarudi vigelegele, na mtu anayeulizia ndoo, na kuku. Bibi harusi alitoka mlangoni ameshikwa mkono na kungwi wake, akaja moja kwa moja kuelekea kwangu, akaitazama kamera na kutamka kitu. Katika kazi yangu hilo ni kosa. Bibi harusi hatakiwi kuitazama kamera, na akiitazama huwa nafunika kwa wimbo. Pale kwa fundi redio ya jirani ilikuwa inapiga kelele, sikusikia alichosema, na sikuwa na muda wa kukitafuta. Nikakiacha kama kilivyo, nikaanzisha kurenda.

Haikupita muda mrefu, umeme ukakatika.

Mtaa mzima ukanyamaza. Fundi alinitazama mimi, mimi nikatazama alama ya betri. Kadi kubwa ingekuwa ndiyo inayofanya kazi, betri ile isingevumilia hata maharage kuchemka. Ndogo iliendelea, polepole, bila kelele, inatafuna kazi kidogo kidogo na betri kidogo kidogo. Nilijua ninachofanya ni kamari, na nilikuwa nimeshaamua: ikizima nitachajisha popote penye jenereta na kuanza upya, na jenereta ikikosekana nitambebea mama yule kamera zenyewe atazame kwenye kile kioo chake kidogo. Hakuna basi lingemchukua kabla hajaona kitu.

Mama alitoka, akarudi na kipepeo cha jiko alichoazima kwa muuza mihogo wa kando. Akakaa mbele ya kompyuta akaanza kuipepea.

"Mama, hii ya sasa haichemki," nilimwambia.

"Wewe niache. Jana niliifunika, leo naipepea."

Fundi alicheka, kisha akaacha kucheka, kwa sababu mama hakuwa anatania. Alipepea mpaka mwisho, anabadilisha mikono, macho kwenye ule mstari unaojaa. Ulipojaa na neno la kumaliza likatokea, alikirudisha kipepeo kwa mwenyewe na kushukuru kwa niaba ya mashine.

Tulifika Nkowe kwa bodaboda, kompyuta nimeikumbatia kifuani. Na huko umeme haukuwepo. Mjomba alikuwa ameazima televisheni kubwa kwa jirani, imekaa sebuleni imezimika. Uso wake ulimshuka. Nikamwambia atuletee stuli.

Dada yake alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameegemea ukuta na mto mgongoni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia huku ananitafuta kidogo kwa macho kabla ya kunipata. Tuliweka kompyuta juu ya stuli karibu kabisa na uso wake, tukafunga dirisha la upande wa jua. Betri ilikuwa imebaki kidogo, lakini ilikuwa inaliwa na jiko dogo, na nilijua itatosha.

Aliwatazama wanawake wakichambua mchele. "Yule dada yangu," alisema, "mimi nimelazwa yeye anacheka mpaka jino la mwisho linaonekana." Aliona kiti chake na kanga yake, akauliza nani aliichagua kanga ile mbaya, na mjomba akakohoa. Hakuna waridi lililofunguka. Sikuona akilitafuta.

Kisha mlango ukafunguka, binti akatoka. Nyumba ile ilikuwa kimya, hakuna redio ya jirani, na mimi nilisikia kwa mara ya kwanza. Binti alikuja mbele ya kamera yangu, akatazama ndani yake kana kwamba mimi sipo, akasema, "Mama, nimetoka."

Mama yake alinyoosha mkono akagusa kioo. Hakulia. Alisema, "Rudisha hapo." Nikarudisha. Akasema tena rudisha, nikarudisha. Mjomba alikuwa amegeukia ukutani, na mama yangu alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya kanga yake. Mimi nilikuwa nafikiria ule wimbo mzito niliokuwa nimeufunika juu ya sauti hiyo, na namna nilivyojisifu nilipouweka.

"Mwanangu," mgonjwa aliniambia, "hapo panatosha. Hapo nikatie, niwekee kwenye simu ya kaka. Macho yakikataa, hapo nitasikia."

Nikakata, nikamwekea kwenye simu. Betri ilizima baada ya hapo, ikiwa haina deni na mtu.

Kompyuta ilikwenda Dar ikarudi na kadi kubwa nzima. Na yeye alikwenda Dar akarudi na uhai wake. Macho hayakurudi.

Nilikwenda Nkowe kumsalimia mvua zilipokwisha, nikiwa na filamu nzima, yenye waridi na dhahabu, kwa sababu mjomba alikuwa ameiomba kwa ajili ya ukoo. Watoto waliitazama wakashangilia maua. Yeye alisikiliza wimbo mpaka katikati, akaniomba nimtafutie ile nyingine kwenye simu. Nikaitafuta, nikaibonyeza. Binti akasema kutoka mlango ule, siku ile, kwamba ametoka, na mama yake akageuza uso kuelekea mahali sauti ilipotokea.

"Haya, mwanangu," alimjibu. "Nimekuona."